Insulini ya binti yangu imeishia godoroni

SWALI

Habari za kazi, washauri. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Binti yangu mkubwa ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Mwaka jana mwezi wa nane aligundulika ana kisukari aina ya kwanza. Anatumia insulini ya mchanganyiko, ile nyeupe ya 30/70, asubuhi na jioni, kwa kichupa na bomba la sindano. Kliniki walitufundisha vizuri, na mwanzoni kazi yote niliifanya mimi.

Baba yake anaamini mtoto akizoeshwa mapema hatasumbua baadaye. Tangu likizo iliyopita tukamwachia: anapima sukari mwenyewe kwa mashine, anaandika namba kwenye daftari, anavuta dawa na kujichoma. Alifurahi, hata majirani walimstaajabia. Na mimi asubuhi nikapata nafuu, maana mdogo wake ana mwaka mmoja na nusu na natakiwa nifungue genge mapema.

Wiki mbili zilizopita nikaona anakojoa sana usiku na anakunywa maji kama enzi zile za mwanzo. Daftari linasema 6, 7, 8. Nikaichukua mashine nikabonyeza kumbukumbu: 17.8, 21.3, 19.0. Jumamosi natandika kitanda chake, nikashika godoro limelowa upande wa ukutani, linanuka ile harufu ya insulini. Alikuwa anachoma godoro. Nilimpiga, nakiri. Akalia, akasema, "Mama, nilichoka."

Wifi yangu anasema nimemtesa mtoto, nichukue kila kitu mpaka afike kidato cha kwanza. Mume wangu anasema nikimnyang'anya sasa atadeka. Shuleni nako mwalimu hataki ale darasani. Na jana kaniuliza, "Mama, nikifika darasa la pili nitakuwa nimepona?" Nikabaki sina jibu. Nimnyang'anye au nimwachie?

Mama wa wawili, Morogoro

JIBU

Mama wa wawili, pole sana. Swali lako tutalijibu, ila kuna mambo ya wiki hii ambayo hayangoji.

Kuanzia leo, kila sindano ichomwe na mtu mzima. Usiongeze yuniti, yaani vile vipimo vya insulini, kufidia zile zilizolowa godoroni. Insulini ikirundikana, sukari inaweza kumshuka usiku amelala. Kama kliniki ilipandisha dozi katika kipindi hiki kwa sababu sukari haikueleweka, wapigie kabla ya sindano inayofuata na uwaambie ukweli wote, hata wa godoro. Dozi iliyopandishwa kwa mtoto ambaye hakuwa anaipata ni kubwa mno siku atakapoanza kuipata. Usiku tatu nne za mwanzo mpime kabla ya kulala, na ukiweza amka saa tisa umpime tena. Kagua pia godoro lenyewe kwa mwanga wa tochi, usije ukakuta sindano imekatikia ndani.

Sukari ikipita 15 mara mbili mfululizo, pima mkojo kwa vijiti vya ketoni, yaani ile sumu inayojaa mwilini insulini isipotosha. Akianza kutapika, kulalamika tumbo, kuvuta pumzi ndefu za haraka kama aliyetoka kukimbia, kutoa pumzi yenye harufu ya matunda yaliyovunda, au kulegea na kusinzia, ni hospitali saa hiyohiyo. Huku kwetu mtoto anayetapika na kulegea hupimwa malaria kwanza. Sawa, apimwe. Lakini hata malaria ikionekana, waambie ana kisukari na wapime sukari na ketoni palepale, kwani vyote viwili vinaweza kukutana kwa mtoto mmoja. Na insulini haikatwi kwa sababu mtoto anaumwa au hataki kula. Kliniki inaweza kuipunguza au kuiongeza, ila haikatwi.

Sasa swali lako. Mume wako na wifi yako wanabishania umri, wakati kilichoharibika nyumbani kwenu si umri. Kila kazi ya kisukari ina mkono unaotenda na jicho linalohakikisha. Mkono mnaweza kumpa mtoto wa miaka saba, tena mdogo wake akifika miaka mitatu mtaona hata yeye anaweza kushika kitu. Jicho hapewi. Watoto wengi hawawezi kubeba jicho mpaka ujana wao, na hata kijana wa miaka 14 anahitaji mtu wa kumpitia nyuma. Ninyi mlimpa vyote viwili siku moja, mkaenda gengeni. Akichoma asichome, hakuna aliyekuwa anaona tofauti.

Halafu fikiria alichokuambia. Sindano mbili kwa siku ni sindano 60 kwa mwezi, na vidole bado hatujahesabu. "Nilichoka" ni maelezo kamili; mtu mzima angeyasema kwa maneno mengi zaidi. Kwa hiyo usimnyang'anye vyote, kwa kuwa ataona ni adhabu juu ya kile kipigo, na usimwachie vyote. Ivunje kazi vipande vipande, kisha uchague vipi anaviweza kwa mikono yake midogo.

Anza na kupima. Hapa anaweza karibu kila kitu, ilimradi wewe umesimama hapo. Anawe mikono kwa sabuni na kuikausha. Mwambie na sababu, watoto wanapenda sababu za namna hii: aliyekula embe akapima bila kunawa, mashine itapima embe. Utomvu kidogo tu kidoleni unaweza kugeuza 6 ikawa 15. Spiriti haichukui nafasi ya maji na sabuni, na kidole kikiwa bado kibichi kwa spiriti tone la damu linatawanyika. Kisha achague kidole mwenyewe. Atoboe pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati kwenye nyama, kwa kuwa katikati ndiko kunakouma na ndiko anakoshikia penseli. Kila siku kidole kingine. Kama mnatumia kile kikalamu cha kutobolea, ngozi ya mtoto haihitaji kina kirefu: anza namba 1 au 2, upandishe kama damu haitoki. Mkono ukiwa wa baridi auning'inize chini kidogo na kuupapasa kuanzia kiganja kwenda kidoleni. Asiminye ncha kwa nguvu, maana yatatoka majimaji ya mwilini yakichanganyika na damu, na namba itadanganya.

Stripu, kile kijiti cha kupimia kinachoingia kwenye mashine, aichomoe yeye koponi, kifuniko akifunge yeye, hapohapo. Kopo la stripu likiachwa wazi kwenye unyevu, zinaharibika bila dalili yoyote ya nje. Hiyo mpe iwe kazi yake rasmi, uone atakavyowakaripia nyote mkisahau.

Kusoma namba kuna mtego. Mtoto wa darasa la kwanza hajafundishwa nukta, kwa hiyo 7.2 na 72 kwake ni ndugu. Asome tarakimu moja moja kwa sauti, "saba, nukta, mbili," na wewe uiangalie mashine kwa macho yako kabla haijazimika. Mkibadilishiwa mashine ikaanza kuwaletea namba kama 130, msishtuke: inahesabu kwa kipimo kingine, gawanya kwa 18 mtarudi kwenye 7.2 yenu.

Daftari aandike yeye au wewe, haidhuru, lakini namba iandikwe mbele ya mtu mzima. Kila Jumapili jioni bonyezeni kumbukumbu ya mashine mkilinganisha na daftari, pamoja, kama mnavyohesabu chenji. Usilifanye kuwa ukaguzi wa polisi.

Kuhusu zile 6, 7, 8 za uongo, tujiulize zilitoka wapi. Mtoto alijifunza kwamba namba ndogo inaleta tabasamu, na namba kubwa inaleta "umekula nini?" Ukimgombeza kwa namba, atakuletea namba uipendayo. Acheni kusema sukari "nzuri" na sukari "mbaya." Semeni iko juu, iko chini, iko katikati. Kwa wengi kabla ya kula katikati ni 4 hadi 8. Fuata lengo mliloandikiwa. Ikiwa juu, neno la kwanza liwe, "Ahsante kwa kuniambia," la pili, "Tufanye nini?" Basi. Hata akiwa kweli kala pipi, hilo ni la mazungumzo mengine baadaye kidogo, mashine ikiwa imeshawekwa kabatini.

Ya kipigo hatutayarefusha. Ulikiri mwenyewe. Mwambie na yeye: "Nilikosea kukupiga. Kazi ile ilikuwa kubwa kwako, kosa lilikuwa letu wakubwa." Asipoambiwa hivyo, mtoto wa umri huu huunganisha mambo kwa namna yake: sindano ni adhabu, na kisukari chenyewe kimetokana na kitu kibaya alichofanya. Mweleze kwamba hakukipata kwa kula sukari. Kinga ya mwili wake ilikosea ikashambulia zile sehemu za kongosho zinazotengeneza insulini.

Akitaka kujua insulini inafanya nini, mpe mfano wa jiko la mkaa. Sukari ni mkaa. Insulini ndiye anayeutoa mkaa uani na kuuingiza jikoni. Asipokuja, mkaa unajaa uani mpaka unamwagika nje, ndiyo ule mkojo mwingi, na huku jiko limezima, ndiyo ule uchovu na njaa. Ukipita muda, nyumba inaanza kuchoma viti vyake ili ipate moto, na moshi wa viti ndio ketoni. Mtoto akishalielewa hilo, sindano inakuwa na kazi inayojulikana. Lile godoro nalo utaweza kumwuliza: je, godoro lina jiko?

Tuje kwenye sindano yenyewe. Kwa miaka saba, kuvuta dawa kubaki kwa mtu mzima, na sababu yetu ni mistari. Bomba la insulini la nusu mililita lina mstari kwa kila yuniti moja. Bomba la mililita moja, mstari mmoja mara nyingi ni yuniti mbili. Siku kliniki wakiishiwa bomba dogo wakawapa kubwa, mtoto aliyezoea kuhesabu mistari minane atahesabu minane, na atakuwa amevuta yuniti 16. Hakukosea kuhesabu hata kidogo, na anaweza kuzimia kabla ya saa nne. Wakubwa pia wanaangukia hapo. Angalia pia bomba na kichupa vyote viwili vimeandikwa 100, yaani yuniti 100 kwa kila mililita. Yapo mabomba ya 40 mitaani, na hayaingiliani na kichupa cha 100.

Lakini hata kabla ya kuvuta kuna kazi yake nzuri kabisa. Insulini yenu nyeupe ikikaa hujitenga, maziwa yanatua chini na maji yanabaki juu. Asipoichanganya mtu, leo atapata dawa ya maji na kesho dawa nzito, dozi ileile, sukari mbili tofauti. Mpe kichupa akiviringishe katikati ya viganja mara 10, kisha akipindue juu chini polepole mara 10. Asikitikise kama chupa ya soda, kitajaa mapovu na mapovu hula nafasi ya dawa kwenye bomba. Anahesabu kwa sauti, na mwisho anakuonyesha: nyeupe yote, haina mabonge? Ikiwa na mabonge au chenga zilizoganda ukutani mwa kichupa, hiyo haitumiki tena.

Wewe unavuta hewa sawa na dozi, unaisukuma kichupani, unapindua, unavuta dawa, unagonga bomba mapovu yapande na kuyatoa. Halafu unampa asome: "Ni ngapi?" Akisema namba na ikawa ndiyo iliyo kwenye daftari, mnaendelea. Mwisho wa mwaka atakuwa anasoma bila kusita, na hapo ndipo mtakuwa mnamkaribisha kwenye kuvuta, si kabla.

Mahali pa kuchoma achague yeye, kutokana na orodha yako: mapaja sehemu ya mbele upande wa nje, matako juu upande wa nje, tumbo mbali na kitovu. Mchoreni mwili kwenye kadi, mibandiko ya rangi, leo paja la kushoto, kesho hatua ya vidole viwili pembeni yake. Watoto hupenda kurudia palepale kwa sababu pamekufa ganzi. Pamekufa ganzi kwa kuwa pameota uvimbe wa mafuta chini ya ngozi, na insulini ikiingia humo inatoka ikitaka. Mpapase mapaja wakati wa kumwogesha. Ukihisi kitu kama mpira laini, pumzisheni hapo kwa miezi kadhaa na mwambie muuguzi. Mkihama kwenda ngozi mpya dawa inaweza kufanya kazi kwa nguvu zaidi, hivyo pimeni mara nyingi zaidi siku za mwanzo.

Kuhusu nani anachoma: wiki hizi mbili tatu choma wewe, yeye apumzike. Baadaye mwulize kila mara, "Nani leo?" Akisema yeye, wewe unafinya ngozi, yeye anachoma na kusukuma taratibu, mnahesabu pamoja hadi 10, ndipo anachomoa. Zile kumi si za kujifurahisha. Ukichomoa upesi dawa hurudi nje, na utaona tone likining'inia kwenye ngozi. Akisema wewe, unachoma bila kumkumbusha kwamba jana aliweza. Siku ya kukataa ni haki yake. Sindano yenyewe haina siku ya kukataliwa. Hilo la mwisho mwambie wazi, kwa sauti ya kawaida, na usiingie kwenye mapatano ya dakika 20, maana kadiri mnavyobishana ndivyo woga unavyokua.

Najua utasema asubuhi huna muda. Kazi yote ni dakika sita au saba ukiianza pale anapoamka. Insulini ya 30/70 inatakiwa itangulie chakula kwa nusu saa. Kwa hiyo apime na achomwe kabla ya kuoga. Akishaoga, akavaa, akachanwa nywele, nusu saa imepita na chai iko mezani. Akichomwa asiondoke nyumbani bila kula, hata gari la shule likipiga honi. Na kama asubuhi mashine imesoma chini ya 4, sukari kwanza, sindano baadaye ikishapanda na chakula kikiwa tayari. Jioni jicho liwe la baba. Yeye ndiye mwenye hoja ya kumzoesha, basi azoeshe akiwepo.

Bomba likishatumika, sindano iende kwenye kopo gumu la plastiki lenye kifuniko, kama la jiki, na likijaa mlipeleke hospitali. Hilo kopo liwe juu, mdogo wake asilifikie. Insulini nayo: kichupa kilichofunguliwa kinakaa wiki nne hivi kama hakipati joto la kupita 25 au 30, kadiri karatasi yake inavyosema. Kama hamna friji, chungu cha udongo chenye mchanga unaoloweshwa maji, kichupa kikiwa kwenye kopo kavu ndani yake, kinatosha. Kama mna friji, kisigusane na barafu. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana nzima.

Kuna kazi moja ambayo tungeiweka juu ya zote kwa umri wake, nayo haitaki sindano: kujua anaposhuka na kusema. Kila mtoto hushuka kwa namna yake. Mmoja anatetemeka, mwingine anatoka jasho, mwingine anakuwa mkali bila sababu au anakaa kimya na kutazama mbali. Kila mnapokuta namba iko chini ya 4, mwulize, "Sasa hivi mwili unajisikiaje?" Akikuambia "miguu ni kama mlenda," basi jina limepatikana. Nyumba nzima ijue, mwalimu ajue: akisema mlenda, ni dharura.

Kwa mtoto wa kilo 20 hadi 25, dharura hiyo inataka gramu 7 hivi za sukari ya haraka. Ni vijiko viwili vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa, kwenye nusu glasi ya maji, au mililita 75 za soda ya kawaida, yaani robo ya chupa ya 300. Soda isiyo na sukari haisaidii. Chokoleti na karanga zina mafuta, zinachelewa. Ngoja dakika 15, pima. Bado iko chini ya 4, rudia. Ikipanda, na mlo uko mbali, ale nusu ya ndizi mbivu au kipande cha mkate. Hapa ndipo wengi hukosea: kwa hofu humpa soda nzima na andazi mbili, baada ya saa mbili yuko 18, na wanamlaumu mtoto. Akiwa hawezi kumeza au amezimia, usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, weka chini ya ulimi kijiko cha chai cha sukari iliyoloweshwa kwa tone moja au mawili ya maji, na muwe njiani kuelekea hospitali. Kama mlipewa glukagoni, ile dawa ya dharura ya kupandisha sukari, huo ndio wakati wake.

Fungeni sukari vijiko viwili viwili kwenye karatasi za nailoni, moja mfukoni mwa sketi, moja kwenye mkoba, moja kwenye droo ya mwalimu. Achote yeye, afunge yeye. Atazijua zilipo kuliko akifungiwa.

Mwalimu naye tunamwelewa. Akiruhusu mmoja, arobaini watataka. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto, ukiwa na barua ya kliniki na karatasi moja yenye mambo manne tu: anakula kitafunwa saa nne, hata mtihani ukiwepo, anaruhusiwa chooni na maji wakati wote, akisema mlenda au akionekana amebadilika, apewe sukari palepale alipo, asitumwe peke yake ofisini au nyumbani akiwa hivyo. Mweleze sababu ya saa nne. Insulini aliyochomwa alfajiri ina sehemu inayoanza kupamba moto yapata masaa manne baada ya kuchomwa na kuendelea mpaka mchana. Haijui kama kipindi cha hesabu kimeisha. Kwa hiyo uji wa saa nne na chakula cha mchana kwake ni sehemu ya dozi. Siku za michezo aongeze kitafunwa kabla ya kukimbia.

Chakula cha nyumbani hakihitaji maneno mengi. Ale mnachokula, kwa saa zilezile, kwa kipimo kilekile. Mnunulie bakuli lake moja na kikombe kimoja, ajipimie wali au ugali mpaka kwenye mstari mliouchora kwa nje. Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina wanga wa gramu 45 hivi, kipande cha mkate 15. Bado hahitaji kuzijua namba hizo. Mstari wa bakuli unamtosha.

Wifi yako mwambie hajakosea kumhurumia mtoto, ila kidato cha kwanza ni mbali. Mtoto aliyefanyiwa kila kitu mpaka miaka 13 hufika bweni hajui hata kushika kichupa. Na akija na habari ya mtu mwenye mizizi ya kuponya, mkatalie kwa adabu bila kujadiliana: anayeacha insulini kwa aina hii ya kisukari hufa, na huwa si muda mrefu.

Limebaki swali la darasa la pili. Huenda lina mizizi. Miezi michache baada ya kuanza matibabu, kongosho lililobakiwa na nguvu kidogo hujikongoja, dozi hupungua, na nyumba nzima hunong'ona kwamba anapona. Watoto husikia minong'ono. Baadaye nguvu ile huisha. Mkae chini umjibu hivi: hapana, darasa la pili bado tutakuwa tunachoma, na la tatu pia. Kisukari hiki hakiondoki. Ila sasa hivi mimi ndiye ninayevuta dawa na wewe unasoma mstari. Ukifika darasa la pili tutajaribu wewe uvute, mimi nisome.